Mchumba Huangaliwa Kazini

Bango la kwanza lilichorwa popo mwenye meno ya simba. La pili liliandikwa PANGO LA MAAJABU. La tatu likatuambia tumekaribia, la nne likatupongeza kwa kufika, na bado hatujafika. Mpaka gari linaegeshwa nilikuwa nimesoma mabango mengi kuliko vitabu alivyosoma kaka yangu tangu azaliwe. Chema chajiuza, nikasema moyoni, kibaya chajitembeza. Pango lenyewe sijaliona na tayari nilikuwa silipendi.

Sikuja kutalii. Nilikuja kumtazama mwanamume anayetaka kumwoa mama yangu.

Kwetu mchumba haangaliwi sebuleni. Hiyo ni sheria ya mama, na hakuna aliyewahi kuipinga akashinda. Sebuleni, anasema mama, kila mtu ni mpole. Mpe mtu soda na kiti kizuri, hata mwizi atakaa kama mchungaji. Ukitaka kumjua, nenda kazini kwake, kaa pembeni, funga mdomo, halafu rudi useme kitu kimoja ulichokiona kwa macho yako. Kimoja tu. Hataki maoni wala ndoto, na hataki kusikia shangazi kasema nini. Mume wangu alipokuja kuposa, mama alikwenda kwenye gereji yake akakaa juu ya tairi kutwa nzima. Akarudi na gauni limejaa grisi, akasema, "Anarudisha spana mahali pake." Nikaolewa. Wifi yangu, mwuzaji wa duka la dawa, alipita kwa "Hampandishii sauti mteja kiziwi." Kaka akaoa.

Sasa mkuki ulikuwa umegeuka. Safari hii mama ndiye aliyeposwa, na sisi ndio wa kwenda kukaa juu ya tairi.

"Nendeni mkamwone," alituambia mezani. "Mkisema ndiyo, nitashukuru. Mmoja wenu akisema hapana, basi yameisha, na sitanuna. Siwezi kuanza vita na wanangu umri huu."

Kaka alisema ndiyo kabla mama hajamaliza kutafuna. Huyo ni kaka yangu. Tunamwita Injinia kwa sababu hakuna kitu alichokifungua kikafungika tena, na hajawahi kukataa jambo lolote ambalo halimgusi. Mama haishi kwake. Mama anaishi kwangu, tangu baba alipofariki. Kwa hiyo neno la mwisho lilikuwa langu, na nilikuwa nalo tayari mdomoni tangu nyumbani: hapana.

Mimi ni msusi, na jambo lenyewe nililigundua kichwani. Siku moja nilikuwa namwosha mama nywele pale saluni nikakuta vidoa vyeupe vigumu vimegandia kwenye mvi. Nikadhani ni sabuni. Nikasugua. Havikutoka. "Ni chokaa," mama akasema akiwa amefumba macho kwenye sinki. "Huwa inadondoka." Inadondoka wapi? Ndipo nikaelewa kwa nini kila Alhamisi mchana nikimpigia simu kumwambia aanue nguo, au awapokee watoto mapema, au amfungulie fundi bomba, najibiwa na yule dada wa mtambo kwamba namba haipatikani. Alikwenda pangoni mara ya kwanza na kikundi chao cha akina mama. Wenzake waliona shimo, wakanywa soda, wakarudi nyumbani. Yeye akarudi shimoni. Wanasema mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Ya mama yangu yalikuwa chokaa.

Nilijiambia namkinga asiwe kichekesho. Mjane mwenye wajukuu, ahamie nyumba ya mwongoza wageni kando ya tundu la popo! Watu wangesema mtu mzima hovyo. Hayo ndiyo niliyojiambia. Ila asubuhi ile ya safari nilikuwa nimehangaika tangu kabla ya chai kutafuta wa kunikalia na watoto, na jirani aliyekubali alikubali kwa uso wa mtu aliyeombwa figo. "Bibi yao yuko wapi leo?" aliniuliza. Nikajifanya sikusikia.

Basi huyo bwana alitupokea mlangoni. Watoto wangu wanamwita Bwana Matone, kwa hadithi za matone ya pangoni anazowasimulia mama. Mfupi, mgane, buti za mpira, kizibao cha rangi ya machungwa, kurunzi inaning'inia shingoni kama filimbi ya refa. Shikamoo yangu ilitoka kwa shida kama jino bovu. Akaipokea kwa mikono miwili, akatugawia kofia ngumu. Nilikuwa nimesukwa juzi yake, kazi ya siku nzima, na kofia za watu nazijua. Kila siku napambana na yaliyomo chini yake.

"Yako nimeiosha jana, dada," akasema kabla sijafungua mdomo. "Mama alisema wewe ni msusi."

Nikainusa mbele yake. Ilinukia sabuni ya kufulia. Hilo nalo likanikera.

Tulikuwa sisi watatu, mama, Injinia na mimi, pamoja na wachumba wawili waliokuja kujipiga picha. Bwana Matone akafungua kufuli la mlango wa chuma, akatuhesabu kwa kidole, tukashuka ngazi. Ngazi zilipoisha nikasimama kungoja twende pangoni, nikaambiwa ndiyo tuko pangoni.

Chumba na sebule! Nimesema ukweli, wala sitii chumvi. Ungeweka kitanda na kabati pale, ungekosa pa kuweka meza. Ukuta wa mawe ya chokaa, umelowa. Mawe membamba yananing'inia kutoka juu, mengine yameota kutoka chini, na kila moja limepigwa taa: nyekundu, kijani, bluu. Baa iliyofilisika ina taa kama zile. Kwenye kona kulikuwa na kiti cha plastiki chenye mguu uliofungwa waya, na mama alikipita akikigusa mgongo, kama mtu anayepita kiti chake.

"Mbele yenu," Bwana Matone akaanza kwa sauti ya shairi la shule, "mnamwona Tembo akinywa maji."

Niliona jiwe.

"Mkonga uko wapi?" nikauliza.

"Ulikatika, dada. Zamani, kabla hatujaweka uzio. Mtu aliuning'inia apigwe picha."

"Tembo asiye na mkonga ni kiboko."

"Basi ni Kiboko akinywa maji," Injinia akaamua, akafurahi peke yake.

Tukaonyeshwa Kanisa, lililokuwa jiwe. Tukaonyeshwa Mkate, na huo kweli ulifanana na mkate, ila mkate wa wiki iliyopita. Tukaonyeshwa Bibi Harusi, jiwe refu jeupe lililokuwa peke yake, na wale wachumba wakakumbatiana mbele yake. Katikati ya maelezo Bwana Matone akakwama. Akatazama juu, akakuna kidevu. Mama, aliyekuwa amesimama nyuma yangu, akamnong'oneza, "Bado anasubiri."

"Huyu Bibi Harusi," akaendelea, uso umemchanua, "bado anasubiri."

Nikageuka kumtazama mama. Midomo yake ilikuwa inacheza. Mama yangu alikuwa ameikariri hotuba ile yote, tembo, kanisa na mkate, na alikuwa anaifuata neno kwa neno kama msichana anayefuata wimbo redioni. Niliona haya mpaka masikio yakapata moto.

"Msiguse," Bwana Matone akawa anasema kila tulipopiga hatua. "Mkono una mafuta. Ukiligusa, maji hayashiki tena pale, na jiwe linaacha kukua." Kisha akatufikisha kwenye jiwe moja lililoota kutoka chini, kimo cha kiuno. Hilo halikuwa na taa. Lilikuwa jeusi, laini, linang'aa kama kitasa cha mlango wa ofisi ya serikali. "Hili mnaruhusiwa. Shikeni hili."

Wachumba wakalishika. Injinia akalikumbatia. Nikalipapasa kwa kiganja kimoja, nikasikia utelezi wa jasho la watu.

"Kwa nini hili moja?" akauliza yule mchumba wa kike.

Hapo aliacha sauti ya shairi. "Ukimkataza mtu yote, atashika yote. Sisi watu ndivyo tulivyo. Ukimpa moja, mengine yanapona. Kwa hiyo tulichagua hili. Lilikuwa karibu na njia." Akalipangusa kwa kiwiko cha mkono. "Hili halikui tena. Limekufa. Lakini tazameni wenzake."

Tukatazama wenzake. Walikuwa weupe, wamelowa, na kila mmoja ana tone linaning'inia kwenye ncha.

"Mama, huligusi?" Injinia akauliza.

"Siligusi," mama akasema. "Hilo limeshashikwa la kutosha."

Sijui kilichonipanda. Labda ni lile tabasamu la Injinia, labda ni vile mama alivyosema, taratibu, hakunitazama. Nilimgeukia yule bwana, mbele ya wale wachumba na simu zao.

"Tuache mawe," nikasema. "Mimi sikuja kwa mawe. Unataka kumleta mama yangu aje kuishi shimoni?"

"Dada, nyumba yangu iko juu," akajibu. "Ina madirisha."

Yule mchumba wa kiume akacheka, akajifanya anakohoa. Bwana Matone hakucheka. Alikuwa amejibu alichoulizwa, hana habari kwamba alikuwa anatukanwa. Mtu wa namna hiyo utagombana naye vipi? Nilimsubiri angalau akunje uso, nipate cha kwenda kusema nyumbani. Akanyoosha waya wa taa uliokuwa umelegea.

"Kabla hatujapanda kuna giza," akatangaza. "Wengi hawajawahi kuliona giza lenyewe. Kila mtu asimame alipo, asitembee. Mama atazima."

"Mama?" nikasema.

"Swichi. Akiwepo ni yake."

Mama tayari alikuwa ameshafika upande wa pili, kwenye kisanduku cha swichi karibu na ngazi. Alishika mkoba wake kwapani, akaweka kidole tayari kama mtoto aliyeruhusiwa kupiga kengele.

"Giza tunalo nyumbani," nikasema kwa sauti, kila mtu asikie. "Umeme ukikatika tunapewa bure. Hamkuhitaji kututoa huko kote."

Mama akazima.

Giza la nyumbani lina viraka. Kuna mwanya chini ya mlango, kuna simu ya mtu, kuna mwezi hata kama hujautazama. Lile halikuwa na kiraka. Nilifumba macho, nikafumbua, nikafumba, na hapakuwa na tofauti. Nikaweka mkono mbele ya uso wangu mpaka nikajigusa pua. Tone likaanguka mahali fulani, pa! Baada ya muda jingine. Nikaanza kuhisi dari inashuka. Najua dari ya mawe haishuki, sina wazimu, lakini ile ilikuwa inashuka.

Nikanyoosha mkono wa kushoto. Mama hutembea kushotoni kwangu, tangu nikiwa na kimo cha goti lake. Ukinipeleka sokoni, hospitali, msibani, mkono wangu wa kushoto haujawahi kuhangaika. Ukapapasa hewa.

"Mama," nikasema.

"Naam."

"Washa."

"Bado."

Nilidhani sikusikia. Nina watoto wawili na saluni yenye vioo vitatu, na katika maisha yangu yote nimemwita mama mara ngapi, na hakuna siku aliyonijibu neno lile. Nikimwita huja. Hata akiwa na unga mikononi huja.

"Mama, washa bwana! Watu tunaumia!"

"Hakuna anayeumia," sauti yake ikatoka mbali, imetulia, karibu na furaha. "Bado, mwanangu. Huku chini simu haishiki. Nisikilize kidogo."

Injinia akacheka. Mimi sikucheka. Nilingoja yule mwanamume aseme basi, mama, washa, wageni wameogopa. Pango ni lake, kazi ni yake, na mgeni anapiga kelele. Mwanamume yeyote ninayemjua angesema, akiwemo marehemu baba yangu, Mungu amrehemu. Angesema na angeizima na kuiwasha yeye mwenyewe, hiyo swichi asingemwachia mtu. Nikangoja. Tone likaanguka.

"Dada," hatimaye akasema, kwa upole, na sauti yake haikutoka kwa mama, ilitoka upande mwingine kabisa. "Kulia kwako kuna lile jiwe. Shika hilo."

Nikalishika. Kwanza kwa mkono mmoja, halafu yote miwili, halafu nikalikumbatia kama nilivyomcheka Injinia kwa kulikumbatia. Kiganja changu kiliingia kwenye kishimo ambacho viganja vya watu wengine walioogopa vilikuwa vimekichimba. Lilikuwa karibu na njia, alisema. Ndiyo maana lilichaguliwa. Sikuhitaji kufafanuliwa. Nilizifikiria simu zangu zote za Alhamisi, aanue, apokee, afungue, amwambie, na yule dada wa mtambo akinijibu haipatikani, haipatikani, na mama amekaa huku kwenye kiti cha plastiki anasikiliza maji. Nikaona aibu, tena gizani, ambako hata aibu yenyewe hakuna wa kuiona.

Kisha ikasikika ta, taa zikawaka, nyekundu, kijani, bluu, nami nimelikumbatia jiwe, shavu limelala juu yake na kofia imekwenda upande. Injinia alikuwa na simu mkononi. Ile picha ameituma kwa ukoo mzima.

Tulipanda. Bwana Matone akahesabu vichwa tena, akafunga kufuli, akalivuta mara mbili. Hewa ya juu ilikuwa ya moto na simu zikaanza kulia kama kuku waliofunguliwa banda. Ya mama ndiyo iliyolia zaidi. Akaitoa mkobani, akaisoma akiwa ameishikilia mbali na macho, na badala ya kupokea akanipa mimi.

"Ni mwanao."

Mwanangu mdogo alikuwa anapiga kwa simu ya jirani. "Nataka Bibi."

"Ni mama. Unataka nini?"

"Nataka Bibi. Kiatu changu kimoja hakionekani."

"Tazama chini ya kitanda."

"Nimetazama."

"Tazama nyuma ya mlango."

"Bibi ndiye anajua," akasema, na akakata, kama vile amepiga ofisi ambayo haimsaidii.

Mama alikuwa amekaa kwenye benchi, amevua kofia. Vidoa vyeupe vilikuwa vimerudi kwenye mvi zake, na bado vilikuwa vimelowa. Bwana Matone alijiweka mbali, anapanga kofia kwenye rafu. Alijua anajadiliwa na hakutega sikio.

"Haya," mama akasema. "Mmeona nini? Kimoja kimoja."

Injinia akaanza, maana swali lilikuwa rahisi kwake. "Anahesabu watu kuingia na kutoka. Hasahau mtu chini."

Mama akaitikia kwa kichwa, akanigeukia. Na mimi nilikuwa na hapana yangu. Nilikuwa nayo bado, nzima nzima. Ningeweza kusema nimeona mtu anayesahau maneno ya hotuba anayoisema kila siku. Ningeweza kusema nimeona tembo asiye na mkonga. Yote niliyaona kwa macho yangu, na sheria ya mama haisemi kitu lazima kiwe cha haki. Angeinuka pale kwenye benchi, angeaga, na jioni angekuwa jikoni kwangu, hajanuna, kama alivyoahidi. Hicho ndicho kilichonitisha. Asingenuna.

"Pango lenyewe dogo, mama," nikasema. "Zile taa zinatia aibu. Na yule si tembo, hata umlipe nani."

"Sijakuuliza pango."

Nikaitazama kofia yangu mkononi. Ilikuwa bado inanukia ile sabuni.

"Anakuachia swichi," nikasema.

Alifungua mkoba, akaufunga. Akauangalia ule mlango wa chuma muda mrefu, na macho yake yakajaa maji, lakini hayakudondoka.

"Ahsante," akasema mama mwishowe.

Simu ililia tena mkononi mwangu. Jirani.

"Mama, hicho kiatu," nikamwuliza. "Kiko wapi?"

"Sijui," akasema.

Alijua. Katika nyumba ile hakuna kiatu ambacho mama hajui kilipo. Alinitazama machoni akanidanganya waziwazi, kisha akainuka kwenda kusaidia kupanga kofia. Nami nikapokea simu.